Mirija ya Udongo kwa Bustani ya Angani

Vijana wangu, mkisikia kwamba mimi, binti wa kambi ya wachimbaji ya Panda, hapa Likasi, nilifanya kazi ya bustani ya angani, msidhani nilivaa nguo nyeupe na kofia ya kioo. Nilivaa aproni ya turubai iliyoungua mfukoni, na kazi yangu ilikuwa kuchoma udongo. Niliuchoma tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, mpaka juzi nilipopewa saa ya ukutani na chupa ya soda ya kuniaga. Mmeniomba niwaeleze kazi ile. Nitaieleza kama inavyonijia, maana kumbukumbu zangu hazijui kupanga foleni.

Injinia Nadège aliingia karakana yetu pale taasisi ya ufundi siku moja asubuhi. Alikuwa binti aliyetoka tu masomoni, mwembamba, si mtu wa maneno mengi. Sisi wa tanuri tulikuwa tunatengeneza vyungu vidogo vya kuyeyushia mawe ya madini kwa ajili ya maabara. Alisimama mlangoni mpaka nilipomaliza kupanga vyungu vyangu, jambo ambalo mainjinia wengi hawalifanyi.

"Mama Léonie," akasema, "minye natafuta mirija ya udongo. Ya kupitisha mayi, lakini inatoka jasho."

"Minye nilifundishwa kutengeneza bintu bya kufunga mayi, haiko bya kuvuja."

"Haitavuja. Itatoka jasho paka kidogo tu, sawa mutungi."

Nikamwuliza ni ya nini. Akaniambia ni ya kulimia lengalenga, ule mchicha wetu, katika ile nyumba inayozunguka dunia, wanakoishi wanaanga. Nilicheka mpaka nikatafuta mahali pa kuketi. Hakukasirika. Alingoja nimalize kucheka, kisha akanieleza. Watu wa ng'ambo walikuwa wanaunda sanduku la kuoteshea mboga kule juu, nao walitafuta vikundi vya nchi mbalimbali, kila kimoja kiunde sehemu yake. Mchoro wake wa kitanda cha mizizi ulikuwa umekubaliwa. Ulibaki mchoro tu. Hakukuwa na mtu wa kuugeuza kitu.

Nikamwuliza kuna ugumu gani kumwagilia mboga. Akachukua kikombe changu cha chai akakiinamisha kidogo.

Hapa kwetu, alisema, ukimwaga maji shambani yanashuka, na hewa inafuata nyuma yake. Mzizi unakunywa, kisha unapumua. Kule hakuna chini. Maji yakitoka yanaushika mzizi kama blanketi lililolowa, na hayaendi popote. Mzizi unazama ilhali umezungukwa na hewa. Kwa hiyo yeye alitaka kitanda cha chembe za udongo uliochomwa, na katikati yake mirija yenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Pampu ingeyavuta maji kidogo kwa nyuma ili yasitoke ovyo, na mzizi ungejichotea wenyewe kiasi unachotaka.

Siku hiyo sikucheka tena. Nilimwambia anipe muda nikamwone Papa Gaspard.

Papa Gaspard ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa fundi wa vyungu vya kuyeyushia madini kule Panda, na mimi nilikuwa mwanamke wa kwanza kuingia katika karakana yake. Wanaume walisema tanuri litanikausha uso. Yeye alisema tanuri halijui uso wa nani. Mara ya kwanza aliponiachia moto peke yangu, niliingiza vyungu ambavyo havijakauka vizuri, kwa kuwa nilitaka kuonyesha kwamba mimi ni hodari. Vilipasuka ndani ya tanuri vikilia kama mahindi kwenye mafuta. Hakunigombeza. Aliniletea vipande vyote katika karai akaniambia nivipange, kila chungu na vipande vyake. Nilikaa na karai lile mpaka mgongo ukakataa. Alipopita karibu yangu alisema, "Udongo haina haraka, mwana. Haraka iko ya kwako."

Wakati Injinia Nadège alipokuja, Papa Gaspard alikuwa amestaafu zamani. Vumbi la miaka yote ile lilikuwa limekaa kifuani mwake. Alitembea kutoka kitandani mpaka kiti cha uani, akapumzika kama mtu aliyepanda mlima. Lakini nilipomweleza habari ya mirija, macho yake yaliamka. Alimwita mkewe, Mama Véro, alete kiti cha injinia.

Tukaanza. Nitawaambia jinsi ya kutia vitundu katika udongo, kwa sababu huenda siku moja mtahitaji. Unachanganya udongo na kitu kinachoungua. Motoni kile kitu kinaondoka na kuacha nafasi yake tupu. Kwanza tulijaribu unga wa mahindi, kwa kuwa ni laini na kila nyumba inao. Mirija ilitoka vizuri, tukaianika rafuni, tukaenda nyumbani. Asubuhi tulikuta panya wameila nusu. Injinia Nadège aliviangalia vile vipande vyenye alama za meno, akasema kwa utulivu kwamba hata hivyo sasa tunajua mirija yetu haina sumu. Baada ya hapo tulitumia unga wa makaa, tukiuchuja kwa kitambaa cha kitenge kilichochakaa. Makaa panya hawayataki.

Lakini kuhusu sumu injinia alikosea.

Lengalenga za majaribio ziliota, zikatoa majani mawili mawili, kisha zikasimama. Majani yakawa ya njano. Tulipozing'oa, mizizi ilikuwa mifupi, ya kahawia, imevimba ncha kama vidole vya mtu aliyepigwa. Tulibadilisha mbolea, tukabadilisha taa. Hakuna kilichosaidia. Mwishowe injinia alipeleka udongo wetu maabara, na jibu likatoka: shaba. Udongo tuliokuwa tunachimba karibu na viwanda vya zamani ulikuwa umekunywa shaba kwa miaka mingi, na sasa ulikuwa unairudisha ndani ya maji, polepole, mpaka kwenye mizizi.

Shaba ndiyo iliyomleta baba yangu mji huu. Shaba ilinisomesha, na shaba ilinizikia wazazi. Sikuwahi kufikiri kwamba mmea mdogo ungeionja na kukataa kuishi.

Tukatoka kutafuta udongo mwingine. Barabara ya Kakanda yenye migodi hatukuichukua, wala upande wa Shinkolobwe, kwenye mgodi wa zamani wa urani, hatukuugusa. Huko hata injinia alisema hapana kabla sijauliza. Tulikwenda upande wa mashamba, kwenye vichuguu vile virefu kuliko nyumba, ambavyo watu hufyatulia matofali. Mama Véro alituelekeza kichuguu kimoja ambacho wanawake wenye mimba hupenda kula udongo wake. Alikuwa na hakika nacho. Maabara ikakikataa. Alinuna wiki nzima, kisha akatuuliza kama maabara iliwahi kubeba mimba. Tulikipata tulichotaka mbali zaidi, katika shamba la mzee mmoja aliyefurahi kukiona kikiondoka, kwa kuwa kilimzuilia jembe. Udongo wake ulikuwa mwekundu, laini kama siagi ukilowa, na maabara haikukuta kitu cha kutisha ndani yake.

Mirija ya udongo ule ilitoka safi. Papa Gaspard aliupima kila mmoja uani kwake, akiugonga kwa msumari na kutega sikio. Mzima unalia kama kengele ndogo. Wenye ufa unajibu kama mbao. Alitenga michache, mingine akaipitisha.

Injinia Nadège alisafiri nayo kwenda kwenye ndege ya majaribio, ile inayopanda juu sana kisha kujiachia ianguke, na waliomo ndani wanaelea kwa muda mfupi. Aliporudi tulimkalisha uani kwa Papa Gaspard atueleze. Alisema alitapika. Alisema pia kwamba mirija ya kikundi kimoja kati ya vilivyoshindania sehemu ile ilitoa tone la maji likaelea mbele ya pua yake, likitetemeka. Ya kwetu ililowa juu tu, kama paji la uso la mtu anayefanya kazi. Tone halikutoka. Papa Gaspard aliomba arudie sehemu hiyo. Akarudia. Mama Véro naye akaomba arudie ile ya kutapika.

Ndipo mji ukajua. Redio ilitangaza. Padri aliitaja kazi yetu katika misa, na watu wakageuka kuniangalia nikiwa na kitenge cha kila siku. Sokoni Kikula mama mmoja aliniongezea nyanya bila kuombwa. Siku ya kupelekwa kwa sanduku ikapangwa, roketi ikatajwa, nasi tukakabidhi mirija yetu ikafungwa ndani ya sanduku huko ng'ambo.

Sanduku jingine, pacha lake, lilibaki kwetu. Injinia aliliacha likifanya kazi kama lile la kusafiri, mchana na usiku, mimea ndani yake ikikua. Siku moja aliniita. Alikuwa ameinama juu ya kitanda cha mizizi, na kidole chake kilikuwa kwenye ncha ya mrija mmoja, pale unapoingia katika kiungio. Kulikuwa na ukungu mweupe. Akaupangusa. Chini yake kulikuwa na ufa, mwembamba kuliko unywele, na ufa ule ulikuwa na maji.

"Papa Gaspard aligonga huu," nikasema. "Ulilia muzuri."

"Ulilia muzuri kwa sababu ulikuwa muzuri. Ufa ulikuya nyuma ya ile kugonga."

Tulikwenda kwa mkuu wa taasisi. Alikuwa mtu mwema, naye alikuwa amefanya kazi ngumu ili tupewe nafasi ile. Alisikiliza, akavua miwani.

"Bon. Ni mrija moja," akasema. "Katika sanduku ya hapa. Ile ya kwenda haiko na shida. Hakuna muntu ameona shida."

"Hakuna muntu ameangaria," Injinia Nadège akajibu.

"Tukisema, banatutoa. Banaweka kikundi ingine. Unajua vile? Na hawatatuita tena."

"Najua."

Nami, vijana wangu, nilikuwa upande wa mkuu. Sikusema kwa sauti, lakini moyoni nilimkasirikia yule binti. Niliona nyuso za kanisani. Nilimwona yule mama wa nyanya. Nikamwambia injinia kwamba kabla ya kusema lolote, twende tumwulize Papa Gaspard. Ukweli ni kwamba nilitumaini atasema tunyamaze. Mirija ile ilikuwa kazi ya mwisho ya maisha yake.

Tulimkuta kitandani, ameketi, mito nyuma yake. Siku hizo hakuweza tena kulala chali. Mama Véro alikuwa anampepea kwa kipande cha katoni. Injinia alimweleza yote bila kuficha. Papa Gaspard aliuchukua mrija wenye ufa, akaugonga kwa ukucha, akasikiliza. Sote tulisikia sauti ya mbao.

Alikaa muda akitafuta pumzi, kisha akauliza, "Tone ikitoka, inaenda wapi?"

"Inaelea, papa. Inaweza kuingia mu nyaya za umeme. Inaweza kuleta moshi."

"Na bantu bako mule ndani?"

"Bako."

"Kule juu, muntu akikosa pumuzi, anatokea wapi? Kuko mulango?"

Injinia Nadège alitikisa kichwa. "Hakuna kwa kutokea, papa."

Papa Gaspard alimrudishia mrija. "Basi, baambie," akasema. Akafumba macho, na Mama Véro akaendelea kumpepea.

Injinia aliwaambia siku ile ile. Walimshukuru kwa maneno mazuri, wakaitoa mirija yetu, wakaweka ya kikundi kingine, na roketi ikaondoka bila sisi.

Sitawadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Redio haikutangaza tena kitu. Majirani walinikuta kisimani wakaniuliza kama mboga zangu zimekosa gari. Mwenzangu mmoja wa karakana alisema wazi kwamba binti amewaaibisha wanaume wote wa Likasi kwa ajili ya ufa wa unywele. Mimi nilikuwa naamkiana na injinia, basi. Yeye alikuja kila siku, akavaa koti lake, akalifungua sanduku pacha na kuanza kutafuta ufa ule ulitoka wapi.

Siku moja nilichoka na hasira yangu. Nilivuta kiti nikaketi upande wa pili wa sanduku. Alinisogezea taa.

Tuliipata sababu pole pole. Feni ya sanduku ilikuwa inapuliza ncha moja ya mirija zaidi kuliko nyingine. Pale ncha ilipokauka, maji yaliondoka na kuacha mbolea, na mbolea ikagandamana ndani ya vile vitundu, ikikua kila siku kama jino la mtoto, mpaka udongo ukafunguka. Msumari wa Papa Gaspard usingeweza kuusikia ufa ambao bado haujazaliwa. Nilimweleza hivyo, nikiogopa kwamba ameumia. Alisema ni vizuri, kwamba sasa kuna kitu cha kusikilizia zaidi ya sikio, na akataka kujua tutafunga vipi ncha.

Hilo lilikuwa langu. Nilisaga kioo kuwa unga, nikakoroga na udongo mwepesi, nikapaka ncha tu, mahali pa kiungio, ili moto uzifunge kwa ngozi laini na katikati ibaki ikitoka jasho. Shida ni kwamba kioo kinataka moto mkali, na moto mkali unaziba vitundu. Niliharibu mirija mingi kabla ya kupata moto unaoridhisha vyote viwili. Mkitaka kuujua, ni ule ambao tanuri linakuwa na rangi ya chungwa bivu, si la njano. Hapo ndipo unapoacha kuongeza kuni, ukaondoka, kwa sababu ukibaki utaongeza. Injinia alihamisha feni. Tukaliacha sanduku pacha lifanye kazi kwa msimu wote wa mvua na wa kiangazi, na safari hii hakuna aliyelisifu kabla ya wakati.

Papa Gaspard alifariki katika kiangazi kile, asubuhi, Mama Véro akiwa amekwenda kuteka maji. Tulimzika na watu wengi wa tanuri, wengi wao wakikohoa. Injinia Nadège alisimama upande wa wanawake wa familia, na hakuna aliyemwuliza ni nani kwao. Mimi nilikuwa na vumbi la kioo kwenye kucha, halikutoka hata kwa kusugua, nikaona haya kumshika Mama Véro mkono. Yeye aliishika mikono yangu yote miwili.

Wale watu wa ng'ambo wakatuandikia. Mirija ya kikundi kingine ilikuwa imeziba, na walikumbuka kwamba sisi tulikuwa watu wa kusema kweli. Hivyo ndivyo injinia alivyoisoma barua, na mkuu wa taasisi akatoka nje kidogo ya ofisi yake kabla ya kurudi kutuambia tuanze kufunga mizigo.

Safari hii mirija ilikwenda. Padri hakutangaza, kwa kuwa tulimwomba asitangaze. Picha za kwanza zilipofika, tulikuwa wachache katika chumba cha mkutano, na Mama Véro tukamketisha mbele. Lengalenga ilikuwa imeota ikielekea taa, majani mekundu chini yake, shina limepinda kidogo kama linalojiuliza. Watu walipiga makofi. Injinia Nadège hakupiga. Aliomba picha ya mizizi. Ilipokuja, alikaribia ukuta mpaka mwanga ukawa usoni mwake, akaiangalia kwa muda mrefu. Mizizi ilikuwa myeupe, mirefu, imeikumbatia mirija pande zote. Aliketi, akajifunika uso kwa mikono, na sisi tukamwachia nafasi.

Mama Véro ndiye aliyeuliza kwanza. "Nani anakula?"

Mkuu alimweleza kwa heshima kwamba haitaliwa, itagandishwa na kurudishwa duniani ikachunguzwe.

"Mboga ya kula," akasema, "banalima paka ya kuangaria tu?"

Injinia alifuta macho akasema atawauliza. Akawauliza kweli. Walijibu kwamba mimea ya kuchunguzwa ikishavunwa, na madaktari wakihakikisha haina vijidudu, iliyobaki itaruhusiwa kuliwa.

Siku jibu la mwisho lilipokuja, tulikwenda nyumbani kwa Mama Véro kumsomea. Tulimkuta jikoni uani, anachambua mboga kwa chakula cha mchana. Injinia alisoma kwa Kifaransa kisha akamgeuzia kwa Kiswahili. Mwanaanga mmoja, mwanamke, alikuwa amechuma majani na kuwagawia wenzake, wakatafuna polepole. Walikuwa hawajala kitu kilichochumwa tangu watoke nyumbani. Alituma salamu kwa waliotengeneza.

Mama Véro alisikiliza, vidole vyake vikiendelea na majani.

"Bamekula mubichi?"

"Mubichi, mama. Kule hakuna moto."

"Masikini," akasema. Aliinuka, akafunua sufuria, akatia mboga yake. Akafikiri kidogo, akatia konzi nyingine juu.

"Bakirudia chini," akamwambia injinia, "ubaambie bakuye. Tutabapikia."